Kitanda Chenye Mteremko

Kabla ya upasuaji, mke wa seremala hakuweza kulala pasipo mteremko. Akinyooka tu kitandani, tindikali ilipanda kutoka tumboni, ikamchoma koo, akaamka anakohoa kama aliyepaliwa na pilipili. Vidonge vilimtuliza, havikumponya. Mumewe akamchongea kitanda ambacho hakuna duka lingethubutu kukiuza: miguu ya kichwani mirefu, ya upande wa pili mifupi. Miaka na miaka walilala humo wakiteleza taratibu, mke ameung'ang'ania mkono wa mumewe kama breki.

Sasa kiungulia kimekwisha, na daktari hamtoki mdomoni.

"Daktari wangu ana mikono, dada!" alikuwa akisema kwenye simu, sebuleni. "Matundu madogo tu, akaingiza kamera, akaichukua sehemu ya juu ya tumbo, akalizungushia koo kwa chini kama skafu, akashona. Makovu yenyewe uyatafute!"

Uani, randa ilinyamaza.

"Wangu? Tangu lini?" seremala aliuliza dirishani.

"Dada, hebu subiri. Kuna mtu huku amenuna."

"Sijanuna. Nauliza."

"Ukimaliza kuuliza, ukate kile kitanda. Nachoka kulala mlimani."

"Msumeno butu."

"Jana ulisema mvua."

Seremala akarudi kwenye ubao wake. Angemwambiaje? Kitanda kikiwa sawa, mkono wake utashikwa kwa sababu gani?

Siku ya kurudi kliniki, mke alivaa gauni lake la sherehe na kupaka wanja.

"Kwenda kuonyesha makovu ndiyo upake wanja?"

"Wivu utakupa kiungulia, mume wangu. Halafu utamtafuta daktari huyohuyo."

Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye kucha safi kupita kiasi. Seremala alizitazama kucha hizo, kisha akaificha mikono yake yenye gundi.

"Nyama inapita, mama?"

"Inapita nikiitafuna vizuri. Ila gesi inanijaa, na kucheua siwezi."

"Hutokea baada ya upasuaji huu. Kwa wengi hupungua."

Seremala akakohoa kidogo. "Daktari, kazi yako ina dhamana?"

Mkewe akamkanyaga chini ya meza. Daktari hakucheka.

"Haina, mzee. Wengi hupata nafuu kubwa, na madhara makubwa hutokea kwa nadra. Lakini wapo wanaobaki na shida ya kumeza. Wapo ambao kiungulia hurudi baada ya miaka, wakarudia vidonge, na wachache tunawapasua tena. Nilimweleza mama yote haya kabla hajakubali."

"Mimi kitanda changu hakijarudishwa hata siku moja."

Alilisema kwa majivuno, lakini neno moja la daktari lilikuwa limemfurahisha: hurudi. Wakiwa njiani kwenda nyumbani ndipo alipoielewa furaha ile. Mke wake aungue tena, ili yeye ashikwe mkono? Akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Walipofika, hata shati hakubadilisha. Alikipindua kitanda juu chini, akachukua penseli na futi.

"Ndiyo, dada, daktari wangu ameniangalia," sauti ilitoka sebuleni. "Amefurahi sana!"

Wangu! Msumeno ukauma mti. Seremala alikata mguu wa kwanza kwa hasira na wa pili kwa hasira zaidi, kisha akakisimamisha kitanda. Akakitazama. Akainama, akakitazama tena.

Alikuwa amepima urefu wa mguu mfupi vizuri kabisa, ila kutoka upande usiofaa. Kipande kilichotakiwa kubaki ndicho alichokitupa chini. Sasa kichwani ndiko kulikokuwa bondeni.

Mkewe alipoingia, alicheka hadi akashika ukuta. "Fundi! Ulitaka nilale kama popo?"

"Usikiguse. Nitakirekebisha."

Lakini alikuwa ameshapanda. Akalala chali, kichwa chini, miguu juu, macho darini. Seremala akapiga magoti kando yake. Zamani, kulala hivyo kungemfanya aruke akitafuta maji.

"Inapanda?"

"Haipandi."

"Subiri kidogo."

Wakasubiri. Seremala alimtazama kooni, kama anayesikiliza iwapo ubao utapasuka. Mkewe alipumua taratibu tu, wanja umemchuruzika kwa kucheka.

"Haipandi, mume wangu. Hata kidogo."

"Yule kijana," seremala alisema hatimaye, "anajua kushona."

"Nani?"

"Daktari wako."

Akainuka kwenda kuchukua msumeno aisawazishe miguu ya upande wa pili. Mkewe, aliyekuwa ameanza kuteleza kuelekea ubao wa kichwani, akamdaka mkono.

"Utakata kesho. Sasa njoo unishike, nitagonga kichwa."