Sarafu ya Babu Nikolao

Mzee Silvesta alifika kwetu Makote kwa bodaboda, amepakata sanduku lake la kioo kama mtoto mgonjwa. Ni mstaafu wa Masasi. Siku hizi kazi yake ni kukusanya sarafu za maduka, zile ambazo wafanyabiashara walijitengenezea wenyewe wakati wa vita vya Mjerumani, hela halisi zilipoadimika. Mama yangu, Oliva, alikuwa nayo moja. Aliachiwa na babu yake, Nikolao, aliyelipwa sarafu hizo alipouza nta. Kisha mwenye duka akafunga, akaenda zake. Babu akabaki na mfuko wa shaba usioweza kununua hata chumvi.

Silvesta aliitazama ile sarafu nyeusi, akaisogeza karibu na macho.

"Mama Josephina, hii sijaiona popote. Nitaiweka kwenye maonyesho Masasi, na chini yake nitaandika jina la babu."

Mama hakutaka kingine. Kaburi la babu lilishamezwa na mikorosho ya watu. Jina lake kusomwa na wapita njia, kwa mama ilikuwa kama kumzika upya, safari hii kwa heshima.

Silvesta akasema ataifuata Jumamosi. Asubuhi ya siku hiyo mama aliketi uani, akaisugua kwa mchanga na maji makali ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, kama tunavyosugua masufuria ya harusi, mpaka ikawaka. Kwetu mgeni hapewi kitu kichafu. Mabibo nilimkamulia mimi, tukicheka.

Silvesta alipoipokea, uso ulimbadilika. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mmefanya nini? Alama ya duka imefutika! Sasa hii ni shaba tu. Haifai."

"Na jina la babu?" mama akauliza.

"Nitaliandika chini ya nini, mama?"

Nilitamani kummwagia ule mchanga kichwani. Mtu mzima na mvi zake, angepungukiwa nini kutuambia mapema tusiioshe? Alidhani kila mtu duniani anapenda uchafu wa zamani kama yeye.

Mama hakulia. Aliichukua sarafu yake, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Babu naye aliambiwa hivyo hivyo, haifai," alisema taratibu. "Kila duka la Newala aliloingia."

Silvesta akafunga sanduku lake, akakohoa kikohozi kisichokuwepo.

"Josephina," mama akaniita, "mpe mgeni maji kabla hajaondoka. Kikombe kioshe kwanza."