Stesheni ya Ng'ambo ya Milima

"Zima hilo dude lako, Cheche! Nimesema zima!"

Mama Pasi alikuwa amesimama mlangoni, pasi ya mkaa inafuka mkononi. Fundi wa kuchomelea, jirani yake wa ukuta mmoja, akainua kinyago.

"Mama, hili geti ni la watu. Mwenyewe anakuja leo."

"Aje! Mashine yako inanikwaruzia redio. Utazima, au nikuletee hii pasi hapo hapo ulipochuchumaa?"

Cheche akazima. Mama huyo akipandisha mori, hata mbwa wa mtaa hubadili njia.

Redio yenyewe ilikuwa ya bei chee, antena yake ilishakatika zamani. Kwenye kisiki kilichobaki alikuwa amefunga waya wa shaba, akaupitisha dirishani hadi kwenye paa la bati. Siku nyingi ilishika stesheni ya mjini tu, ile inayotangaza magodoro kutwa. Lakini asubuhi za kiangazi, ukungu ukiwa umelala bondeni na upepo umetulia tuli, mawimbi yalivuka milima kutoka mji wa mbali. Hapo Mama Pasi alisogeza kitufe taratibu, kama anayemtoa mtu kibanzi jichoni, na pembeni kidogo ya magodoro akampata mwanawe akiongea.

Hewani alijiita Kinanda. Aliondoka nyumbani akiwa na begi moja, akabadilisha namba ya simu, akapotea. Mama aliinasa sauti yake kwa bahati, kiangazi kilichopita, na hakumwambia mtu ila Cheche. Alikuwa akipiga pasi nguo za watu huku akicheka peke yake kama mwehu.

Leo mada ilikuwa akina mama.

"Mimi wa kwangu alikuwa mwalimu," Kinanda akasema, sauti ikififia na kurudi. "Alifariki nikiwa mdogo sana. Mungu amrehemu."

Pasi ilibaki juu ya kola ya shati la mtu mpaka harufu ikapanda.

"Mama, shati!" Cheche alikuwa dirishani. Akaitazama redio, akamtazama mama, akashusha macho. "Si ndiye yule... wako?"

"Alikuwa wangu."

Alikumbuka jinsi kijana huyo alivyokuwa akivuka barabara kila akimwona na furushi la nguo kichwani, wenzake wasijue ni mama yake. Akalimeza lile, akasema ni utoto. Akaendelea kumnyooshea sare kila alfajiri, mikono ikiota malengelenge. Kumbe mwenzake alikuwa anachimba kaburi! Tena kamzika bila sanda, kamvisha ualimu, na msibani hata hakumwalika.

Redioni Kinanda akaanza kutaja namba ya kupiga. Katikati, magodoro yakaingia.

Mama Pasi akapanda juu ya stuli, akaukamata waya na kuuinua mpaka mkono ukagusa bati. Sauti ikarudi, safi kama ya mtu aliye chumbani, ikirudia namba toka mwanzo.

"Toa simu, Cheche! Bonyeza hizo namba!"

Cheche akabonyeza, akampa simu kupitia dirishani, akasogea kando.

"Karibu, msikilizaji wetu. Nani mwenzangu?"

"Mimi nina swali tu," Mama Pasi akasema. "Huyo mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa anafundisha somo gani?"

Kimya. Alikisikia mara mbili, simuni na redioni. Kisha Kinanda akababaika, akasema laini inasumbua, na wimbo ukapigwa.

"Mama?" Sasa sauti ilikuwa simuni tu, ndogo.

"Nimeuliza somo gani."

"Mama... redio yetu haifiki huko."

"Ndicho ulichotegemea."

"Mama, tafadhali, niko hewani. Nitakupigia baadaye, naapa."

"Wewe uko hewani, mimi umenitia ardhini! Baadaye lini? Arobaini yangu ikipita?" Mate yalimtoka. "Ulinionea aibu nikiwa hai, sawa. Hata kufa nife na kazi ya mtu mwingine?"

Jua lilikuwa limepanda, ukungu umeyeyuka, na redioni magodoro yalikuwa yameshika nafasi yote. Mama Pasi akauachia waya. Akashuka, akaketi kwenye stuli, simu ameikandamiza sikioni. Hakukata.

Upande wa pili alisikia mtu akipumua. Nyuma ya pumzi ile wimbo ulikuwa unaelekea mwisho, na mtu wa tatu akanong'ona kwa wasiwasi, "Kinanda, wimbo unaisha. Kinanda! Ongea!"

Wimbo ukaisha. Pumzi ilikuwa bado ipo, karibu kabisa na sikio lake, na hakuna aliyekuwa anaongea hewani.