Si Kilima Chochote

Rosine aliandika sentensi yake ubaoni: "I work for The Hill." Havugimana, aliyesomea Kampala na sasa akiwafundisha watu wazima Kiingereza pale mtaa wa Keshero kila Jumamosi, alichukua chaki akalikata lile "The".

"Mbele ya jina la kampuni hatuweki 'the'," alisema. "Kifaransa ndicho kinawapoteza, kwa sababu munazoea kutia 'la' mbele, mukisema la société fulani. Mukiongea sokoni, sawa, mutaeleweka. Lakini katika barua rasmi, jina peke yake."

Rosine hakurudi kwenye benchi. "Sheria naielewa, mwalimu. Lakini hiyo 'The' iko ndani ya jina. Tuliiandikisha hivyo, miye na wifi yangu Pascasie."

"Basi muliandikisha kosa."

Darasa likacheka. Rosine na Pascasie walikuwa wakitengeneza fromaji, yaani jibini, kule Masisi, kwenye kilima cha baba mkwe wake, mpaka vita vikawaondoa. Siku hizi walinunua maziwa ya ng'ombe wa wengine, wakaifanya kazi hiyo katika nyumba ya kupanga, na kuuza hadi mpakani Bunagana kwa wanunuzi wa Uganda. Ndiyo sababu walichagua jina la Kiingereza.

"Mwalimu, 'hill' bila 'the' ni kilima gani?"

"Kilima tu. Chochote."

"Na 'the hill'?"

"Kile ambacho anayesema na anayesikia wanakijua."

"Sasa sisi hatukukimbia kilima chochote. Tulikimbia kile." Alichukua chaki akaliandika neno upya, kubwa kuliko mwanzo.

"Futa."

"Sifuti."

"Kwenye mtihani nitakukata pointi."

"Kata, mwalimu. Miye naandika vile tunaitwa."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Mtihani ulipofika aliandika The Hill kila mahali ilipohitajika. Havugimana akakata pointi kama alivyosema, na Rosine akakosa distinction, daraja la juu kabisa.

Pascasie alikasirika. "Si ungeandika tu vile anataka? Nani angejua?"

"Miye ningejua," alijibu Rosine. "Shamba tuliacha. Ng'ombe tuliacha. Hii siachi."

Kisha akavuta kreti ya fromaji za kwenda mpakani, akaanza kugonga muhuri wa kampuni juu ya moja moja, kwa nguvu, mpaka meza ikatikisika.