Ndege wa Mkeka wa Jirani

...na huyu mwalimu wa chuo wa kwenye simu anavyosema binti yangu kila akivuta pumzi, binti yake tangu lini, Bibi Justa anajiuliza huku ungo unapanda na kushuka mikononi mwake, pumba zinapaa, zinawaangukia kuku, mtu akikuita hivyo mara nyingi ujue kuna kitu chako anakitaka, ndivyo alivyosema marehemu mumewe Dionisi, na alikuwa anawasema wanunuzi wa mpunga, si walimu, lakini sauti ni ile ile, laini kama uji wa mgonjwa... na mjukuu wake Violeth yeye "ndiyo dokta, nakusikiliza dokta", amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, simu kaiweka mbele ya mdomo kama muhogo wa moto, maana simu yenyewe ilitumbukia majini siku ile ya mafuriko na tangu hapo haisikiki mpaka aiweke spika, basi Lipangalala nzima inasikia siri za chuo, hata kuku. "Mimi nakutakia mema, binti yangu, wewe na wenzako hamkufika kwenye mtihani, kanuni inasema sifuri, na sifuri ni kurudia mwaka, hiyo kanuni sikuitunga mimi"... kanuni, na nani aliwapeleka kule mbele ya Lupiro kujifunza kupima wajawazito, si chuo hicho hicho, barabara ikakatika, maji kifuani, mvua ilisoma kanuni gani, watoto wa watu wakavuka wamejitwika makoti meupe kichwani wakaingia hapa jioni wameloa kama vifaranga, Bibi akawatandikia mkeka, yule Devota meno yanagongana, kikombe cha chai hakikai mkononi, anasema "Bibi, mtihani umefanyika asubuhi, sisi tulikuwa kwenye maji", na Violeth, naye kaloa vile vile, akasema tulieni, nitalisema, mmenichagua kwa ajili ya nini... akalisema kweli, ameandika ombi wote wapewe mtihani upya, linasomwa leo mchana kwenye kikao cha wakubwa, na atakayelisimamia ni yeye, waziri wa elimu wa serikali ya wanafunzi, waziri, na jana alikuwa anachota maji bombani kwa ndoo isiyo na mfuniko. "Sasa sikiliza, wewe ni kiongozi, naweza kueleza kwamba ulikuwa na ruhusa, kazi za uongozi, ukafanya mtihani wako peke yako wiki ijayo, kimya kimya, lakini mchana huu lile ombi usilisome, wenzako waje ofisini mmoja mmoja, wafuate utaratibu." Ungo umesimama. Bibi Justa anaona umesimama, anautikisa tena asije akaonekana anasikiliza. Kubali, mjukuu wangu. Neno liko hapa, kwenye ncha ya ulimi, kubali, sema asante dokta, chukua mwaka wako uondoke nao, mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe tunakifahamu, kichwa cha Wiliam, baba yako, kiranja wa bwalo la shule, waliyemtuma wenzake akaseme maharage yana wadudu, akasema mbele ya wageni, kwa heshima, mikono nyuma, na baada ya siku chache yule pale, amefukuzwa, anaingia uani anasukuma baiskeli, sanduku la bati limefungwa nyuma kwa mpira, hajalia, anasema "mama, walinichagua wao wenyewe", basi, mpaka leo anatega samaki mtoni, mtu mzuri, mcheshi, ila mkutano wa kijiji ukiitishwa anakumbuka nyavu zake zina tundu... kwa hiyo kubali, utakuwa nesi, utavaa ile saa ya kubana kifuani, Devota ana wazazi wake watamlilia, kila mtu na wake... "Bado niko hapa dokta," Violeth anasema, "nafikiria," na yule, "fikiria, binti yangu, ila wito wa kikao ni mchana"... na hapo bonge la udongo limekwisha kuruka kutoka mkononi mwa Bibi Justa, limepita juu ya uzio wa mabua, limetua kwa jirani Margareta, vindege vimeruka vrrr kutoka kwenye mpunga ulioanikwa mkekani, na Bibi anautazama mkono wake, ungo umebaki na mkono mmoja, lini ameinama, lini ameokota, mpunga wa Margareta huo, wala Margareta hayupo, ameenda Kibaoni kusaga... ni mama yake Bibi mwenyewe huyo, ni mama yake anayeurusha mkono huu, tangu utotoni kule shambani juu ya dungu la kufukuzia ndege, miguu inaning'inia, kamba za makopo zimefungwa huku na huku, kweleakwelea wanakuja kama moshi, na sauti ya mama kutoka chini, "Justa, umelala, huoni wako kwa kina Sylvanus?" naye akajibu kitoto, "si kwetu, mama", na mama, bila hasira, anaendelea kupalilia, "si kwetu bado"... bado, neno dogo hilo, na akavuta kamba, makopo yakalia, na kule kwa kina Sylvanus wakalia nao, na mbele yake wakalia, bonde zima linapiga makopo mpaka milimani, maana ndege akishiba kwa jirani haendi kwao kulala, anakuja kwako ana nguvu... na Wiliam basi? Si mdomo uliomponza Wiliam. Anaiona ile baiskeli tena, anaiona vizuri leo, nyuma yake hakuna mtu, wavulana wote waliokula yale maharage walisimama langoni wakitazama inavyoondoka, hakuna aliyevuta kamba, mtoto alikaa kwenye dungu akapiga kelele peke yake, na bonde limenyamaza... na hofu haijaondoka, iko hapa hapa chini ya kifua, watamfukuza, ataingia uani na sanduku, ndiyo, inawezekana. "Unasemaje, binti yangu?" Violeth ameinua macho, haitazami simu, anamtazama Bibi, macho ya Wiliam yale, anasema polepole, "Bibi..." na Bibi Justa anafungua mdomo, kubali ilikuwa pale muda wote, imekaa tayari, lakini kinachotoka ni kingine, tena kwa sauti ya kuitana shambani, "muulize kikao kinaisha saa ngapi, nijue Devota na wenzio wote nawapikia kabla hamjaenda pamoja kulisoma hilo ombi au mkirudi", na spika iko wazi, na kuku wanaparua pumba, na ungo unapanda tena, na ile simu, tangu ilie asubuhi hii, ndiyo kwanza haimwiti mtu binti yake...