Mikono Ingali na Povu

…na kwa nini leo, jamani, katika siku zote kwa nini iwe leo, daktari aliwaza akilisukuma bomba kwa kiwiko, maji yakamwagika baridi, akaanza na kucha, maana hata mtu akikata roho nyuma ya mlango huo hakuna ruhusa ya kuingia na mikono michafu, kucha, vidole, viganja, taratibu, taratibu na huku moyo unamwenda mbio, muuguzi ametoka sasa hivi tu, barakoa usoni, macho yamemtoka, “Mama, Kijiti anakuita, damu haisimami,” kisha akarudi ndani kana kwamba kaagiza chai, Kijiti anakuita, Kijiti huyu ambaye miaka sita iliyopita hakujua hata kushika mkasi, mguu mmoja mfupi, shule yake haijawahi kutoa daktari hata wa kusingiziwa, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kupasua bila mtu wa kumsimamia, mgonjwa ni mama wa watu mwenye uvimbe tumboni, mumewe yuko kwenye benchi huko nje, kapakata mkoba wa mkewe… ungebana tu, mwanangu, ungeubana mshipa ukatulia, hujui desturi ya hapa, ukimwita mkubwa wako kisu kinahama mkono, na kabla mgonjwa hajashonwa jengo zima limeshajua kuwa umeshindwa… “Kuna nini huko?” hiyo ni sauti ya mkuu wa idara, kasimama mlangoni mwa chumba cha mapumziko na kikombe chake, “Hamna kitu, mzee, naangalia tu,” akajibu bila kugeuka, na mzee akachekea puani, ndiye huyu aliyesema mbele za watu kwamba chumba cha upasuaji si mahali pa kupanda vigoda, na Kijiti asipopanda kigoda haifikii meza, na kesho ndiye atakayewaambia wakurugenzi kama mpango uendelee au ufungwe, mpango wa daktari mwenyewe wa kuwalea wapasuaji wachanga, miaka ishirini ya kuwasaka wale ambao idara hii haikuwa na habari nao, mabinti, watoto wa wapagazi na wa madobi, yule kijana mwenye sikio moja zima, kuwafundisha kupiga fundo kwa uzi kwenye mguu wa kiti, kuwapigia simu kila Jumapili, umekula, umelala, haya jikaze kisabuni, hadi mume wake nyumbani akalalamika kwamba nyumba hii ina watoto wengi kuliko aliowazaa… hotuba ngapi, makofi mangapi, na yote leo yananing'inia kwenye mshipa mmoja ndani ya tumbo la mtu, Mungu wangu, la mtu, nimewawaza wakurugenzi kabla ya mgonjwa, binadamu gani mimi, atakufa yule mama na mimi nahesabu viti vya mkutano… mikono sasa, kutoka vifundoni kwenda juu, usirudishe chini, unaogopa, sema kweli, unaogopa, “Mama!” muuguzi tena, kutoka ndani, “anauliza umefika wapi?” “Niko hapa! Mwambie agandamize kwa kiganja, asiachie!” “Ameshagandamiza, anasema haachii mpaka uje,” haachii mpaka uje, ona maneno hayo, hana hata shaka kwamba nitakuja, kautoa wapi ujasiri huo, mimi siku yangu ya kwanza damu ilipanda hivyohivyo, jasho likaniingia machoni, na nyuma ya ukuta huuhuu wanaume walikuwa wanakunywa chai na kucheka, nikauma mdomo ndani ya barakoa hadi ukachubuka, sikuita, mgonjwa akapona, kwa bahati tu, kwa bahati tupu, na tangu hapo nimekuwa nikiwasimulia vijana kisa hicho kama ushujaa, sikumwita mtu, nawaambia, nao wananipigia makofi, ushujaa wa wapi, ningekufa kwa hofu na yule mgonjwa angekufa pamoja nami, sikumwita mtu kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwita… na kumbe huyu mtoto anaye, anaye wa kumwita, na kama kesho watafunga mpango wote, wavunje na milango, hilo hawawezi kumnyang'anya, basi kisu kibaki mkononi mwa Kijiti, yeye daktari atasimama ng'ambo ya meza ashike atakachoambiwa ashike, afanye tu haraka sabuni hii iishe, usife, mama wa watu, tafadhali usife, kiwiko cha kushoto bado, maji yanatoka, damu haijasimama, mzee bado yuko mlangoni na kikombe chake, na daktari akageuza shingo, mikono juu, povu likichuruzika, akamwambia, “Nimeitwa, mzee. Mwanafunzi wangu ameniita.”