Mlima Usio wa Mnavu

Konanani, mke wa mwanangu, alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya pili. Yule wa kwanza alizaliwa hana pumzi, tukamzika penye udongo wenye unyevu, kama tunavyowazika watoto wa namna hiyo. Basi safari hii nilimlisha mboga ya mnavu kila siku. Ukiisha mbichi nampikia ule wa akiba, tunaouchemsha, tukaukamua na kuukandika juu ya jiwe bapa mpaka jua liufanye mgumu kama soli.

Rofhiwa, binti wa bonde la pili anayesoma chuo kikuu, alikuja akaomba konzi moja ya majani ya mnavu kwenye nyumba tatu, yangu ikiwa mojawapo. Aliyatumbukiza ndani ya mtungi wa baridi uliokuwa ukifuka moshi, yasije yakabadilika njiani. Alituambia mashine yao hutenganisha vyote vilivyomo ndani ya jani, na kila kimoja hukichora kama mlima kwenye karatasi, nao hutafuta vile vinavyosaidia damu na macho.

Jirani yangu Vho-Tshavhungwe akamuuliza, "Mashine yote hiyo, mwanangu, kwa kitu ambacho mbuzi wangu anakijua?"

Tukacheka. Alipouliza tumechuma wapi, sote watatu tukasema uani.

Uani kwangu kulikuwa hakujaota hata jani kwa miaka miwili, kwa ukame. Tulikuwa tunachuma alfajiri pembeni mwa shamba kubwa la nyanya, mlinzi akiwa bado kalala. Maji ya kumwagilia nyanya yanafika pale, na mnavu wake ni mnene, laini, wa kung'aa. Tungesema, tungefukuzwa.

Jumanne moja Rofhiwa akarudi na karatasi. Konanani alikuwa mkekani anachambua kunde. Rofhiwa alituonyesha milima ya vitu vizuri, na ilikuwa mingi, hata nikaona fahari. Kisha kidole chake kikasimama kwenye mlima mmoja mrefu.

"Huu si wa mnavu, Bibi. Huu ni wa dawa ya kuulia wadudu."

Alisema huenda chupa zake ziliingia uchafu, na kama ni hivyo atazitupa hesabu zote aanze upya. Akaniuliza tena kama nilichuma uani kweli.

Ningenyamaza, lingebaki kosa la chupa. Lakini chungu kilikuwa jikoni kinatokota, na mnavu ulikuwa ndani.

"Kwenye nyanya," nikasema. "Na ule mkavu pia."

Mikono ya Konanani ikatulia. Akamuuliza Rofhiwa kama dawa imemfikia mtoto. Rofhiwa akasema hajui. Mashine ilipima jani, haikupima mtu. Aache kula, aende kliniki.

"Na yule wa kwanza?"

"Siwezi kujua, dada."

Konanani akanigeukia mimi. "Mama, siku ya maziko uliniambia nilikuwa sili mboga za kutosha."

Nikasema ndiyo, nilisema.

Jioni ile alikwenda kwao na mfuko wa nguo na kadi ya kliniki. Mwanangu yuko mgodini. Alinipigia akaniuliza kama ni kweli, nikamwambia, akakata simu. Vho-Tshavhungwe hanisalimu, maana maneno yangu yalifika kwa wenye shamba la nyanya, na sasa lina mbwa wawili. Akiba yote nimeifukia shimoni.

Mwezi huu ndio wake wa kujifungua. Simu naibeba hata nikienda kuteka maji. Hakuna anayepiga.