Tisa Kubwa Kuliko Elfu

"Nywele zako zimeingia kwenye gauni la mteja!" Mshonaji alipiga kelele, nusu ya mwili wake ikiwa nje ya dirisha.

"Si zangu, ni za wateja," Kinyozi akajibu bila kuzima mashine. "Zangu ziliniaga zamani." Akainamisha kichwa ili upara uonekane vizuri.

"Jana ulikuwa chini yangu. Leo uko juu, na upepo unatoka juu. Umenipita kwa ruhusa ya nani?"

"Dada, mimi sijampita mtu. Nimeamka, nimepiga mswaki, saa mbili nyumba ikapanda. Ulitaka niruke dirishani?"

Mtaa ulikuwa na nyumba thelathini na nne, ukiteremka kutoka kwenye tenki la maji hadi kwenye jalala. Tangu idara ya maji ifungue ukurasa wake wa mtandao, Jumatatu ya wiki iliyopita, kila asubuhi karani alipowasha kompyuta saa mbili, nyumba zilijipanga upya kufuata jedwali. Hazikufanya fujo. Zilipishana polepole, kama watu wanavyopishana kwenye ngazi nyembamba, na mwenye akili zake alikuwa ameshaipua sufuria saa mbili kasorobo. Siku ya tatu watu walikuwa wameshazoea. Kilichobaki ni ugomvi wa nani leo kawa jirani wa nani.

"Wewe una siku ngapi kwenye foleni ya maji?" Mshonaji aliuliza.

"Sitini na tano."

"Mimi mia sita arobaini na moja! Mia sita, unasikia? Nimeomba bomba wewe hujui hata kushika wembe!"

Katika chumba cha uani cha nyumba hiyohiyo, mpangaji wa Mshonaji aliacha kukoroga chai. Alikuwa fundi wa majedwali ya mtandaoni, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Jedwali la idara ya maji alilitengeneza yeye. Alilitengeneza kwa JavaScript tupu, lugha ya kuiamuru kompyuta, bila kuazima msimbo wa mtu, na kwa hilo alikuwa na majivuno kidogo. Ukibofya kichwa cha safu, mistari inajipanga. Ukiandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, wengine wanajificha. Jedwali jepesi, safi, linafunguka hata kwenye simu iliyopasuka kioo.

Alifungua kompyuta yake akatazama safu ya "Siku za Kungoja", aliyoipanga kutoka kubwa hadi ndogo. Tisini na nane. Tisini na saba. Themanini na nane. Nyingine kadhaa, kisha sitini na tano, Kinyozi. Mia sita arobaini na moja, Mshonaji. Kisha sita. Halafu nyingine, na nyingine, mpaka chini kabisa, mstari wa tatu kutoka mwisho: elfu moja mia nne sitini. Bibi Mkunga.

Chai ikapoa.

Kosa lilikuwa dogo, na ni la watu wa kazi yake tu. JavaScript ikiambiwa ipange, na isipoambiwa kwamba hizi ni namba, inazisoma kama majina kwenye daftari la darasa: inatazama herufi ya kwanza, na ikishapata jibu haijisumbui na zilizobaki. Sita inaishinda moja, basi, hata kama nyuma ya moja kuna tarakimu tatu zinasubiri. Kila mwanafunzi wa fani hiyo huonywa wiki ya kwanza. Fundi mwenyewe alishawaonya wengine. Alijaribu jedwali lake kwa watu tisa wa kubuni, wote wenye siku chini ya kumi, akaona limepangika, akalikabidhi.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa msimbo. Lakini siku ya makabidhiano idara ilibadilisha nywila, na yeye hakuweza tena kuingia. Akavaa viatu.

Ofisini, karani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama mlango wa Meneja na kupunguza sauti.

"Hukusikia kwangu. Mafundi wa bomba walikuwa waanze leo. Mabomba yaliyopo ni ya nyumba kumi na mbili, kuanzia juu. Jana bosi kasogeza mpaka Ijumaa, eti maandalizi."

"Maandalizi gani?"

"Shemeji yake kajenga mtaani kwenu. Leo ana siku sita kwenye foleni. Ijumaa atakuwa na ngapi? Wewe ndiye mtu wa hesabu."

Fundi alihesabu, na uso ukamwaka.

Meneja alikuwa mtu wa tabasamu. Alimpa kiti, akamsifu kwa kazi nzuri, akasema kamati nzima imelipenda jedwali.

"Lina kosa, mzee. Linasema tisa ni kubwa kuliko elfu."

"Limepitishwa na kamati. Lina muhuri."

"Muhuri haubadilishi tisa."

"Binti yangu, mimi si mtaalamu. Mtaalamu ni wewe, na umetia saini kwamba limekamilika. Leo unakuja kuniambia saini yako ni ya uongo?" Alitabasamu tena. "Namba zimepangwa. Kila mtu anaona zimepangwa. Hebu nitazame jambo moja."

Akaandika kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa kidole kimoja, jina la shemeji yake. Mistari thelathini na tatu ikajificha, ukabaki mmoja. Meneja aliutazama kwa upendo. Hapo simu yake ikaita, akaanza kuzungumza na mtu kuhusu vigae.

Simu ya Fundi nayo ikaita. Alikuwa Mshonaji.

"Huko uliko kuna mtu anatafuta jina? Nyumba zote zimeondoka isipokuwa ya yule mgeni wa geti jeusi. Nimesimama uwanjani na cherehani. Kinyozi ana mteja nusu kichwa, umeme umekatika. Mwambie afute, watu wanapika!"

"Mzee," Fundi alisema, "futa ulichoandika. Watu wanapika."

Meneja alimwonyesha kiganja, asubiri. Vigae vilichukua dakika ishirini. Kisha akafuta herufi moja moja, na nyumba zikarudi. Mtaani walikuta mboga imeungua kwenye majiko sita. Hakuna aliyelaumu jiko.

Jumatano Fundi aliandika barua kwa kamati, akaambatisha ule mstari mmoja, na chini yake maelezo ya lugha rahisi kabisa. Alhamisi alijibiwa kwamba barua imepokelewa na imepewa namba. Namba yenyewe ilianza na moja.

Mchana huo, kwa hasira zaidi kuliko matumaini, aliutia mstari wake kwenye nakala iliyokuwa kwenye kompyuta yake mwenyewe. Nje kukasikika mkwaruzo wa misingi. Nyumba ya Bibi Mkunga, ile yenye mlango wa bluu na ufa unaotoka dirishani, ilitoka jalalani ikapanda mtaa wote, ikazipita nyumba thelathini na moja bila kugusa kamba ya nguo ya mtu, ikasimama ubavuni mwa tenki. Geti jeusi likateremka mpaka mwisho, kwenye nzi.

Bibi alitoka na kanga yake kiunoni. Alikuwa mkunga mstaafu, na kwa mikono yake nusu ya mtaa ilikuwa imezaliwa, kwa maji ya kubeba kichwani. Aliweka kiganja kwenye tenki.

"Baridi," alisema.

Aliacha kiganja pale. Maji yaliyokuwa yakijaa ndani yalisikika kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Nakala haina nguvu ya kudumu. Baada ya dakika tano karani akaufungua ukurasa upya, kwa kazi nyingine kabisa, na nyumba ya Bibi ikateremka ilikotoka. Mwenyewe akateremka kwa miguu akiifuata, na njiani alijibu salamu zote.

Ijumaa mafundi wa bomba walikuja na jedwali limechapishwa, limepigwa muhuri wa zambarau. Walichimba kuanzia juu. Tisini na kitu, tisini na kitu, kisha tisa: geti jeusi likafunguliwa, na ndani hapakuwa na mtu wa kutumia maji, vigae bado vilikuwa kwenye maboksi. Walifunga bomba hata hivyo. Jina lililokwisha kufungiwa hutolewa kwenye jedwali, na nyumba iliyotolewa kwenye jedwali haihami tena. Kesho yake mgeni angekuwa na siku kumi na kuanguka mpaka chini. Sasa angekaa tenkini maisha yake yote.

Wa kumi na mbili alikuwa Kinyozi. Mabomba yakaishia mlangoni kwake.

Mshonaji, wa kumi na tatu, alisimama na tepu shingoni akatazama maji ya kwanza yakitoka kwa jirani, mekundu kwa kutu, kisha meupe.

"Dada," Kinyozi alisema, "leta ndoo."

"Siku sitini na nane," alijibu. Akaingia ndani. Baadaye alitoka na ndoo mbili, akazijaza bila kumshukuru.

Fundi alijaza madumu mawili hapohapo, akateremka nayo. Jua lilikuwa bado juu ya jalala. Bibi alikuwa ameketi kizingitini, na kwenye fremu ya mlango alikuwa ameandika kwa chaki: 1463.

"Bibi, kosa ni langu. Nilisahau kuiambia safu moja kwamba ni namba. Ikasoma tarakimu ya kwanza tu."

Bibi alifikiri. "Kwa hiyo inatazama kinachotoka kwanza, haingoji kichwa."

"Ndiyo, bibi."

"Sishangai. Wewe mwenyewe nilikuvuta ukitanguliza miguu. Mama yako alinitukana siku nzima."

Fundi alicheka, kisha akapandisha sauti. "Niliwaambia. Niliwaandikia. Ni mstari mmoja tu, bibi! Hata dakika hauchukui!"

"Wanajua. Wasingejua, wangekwisha kurekebisha." Akapangusa vumbi la chaki. "Mimi zamu yangu lini, kwa hesabu yao?"

"Ukifika siku elfu tisa."

"Ni lini hiyo?"

Fundi hakuhitaji kompyuta. "Miaka ishirini na miezi saba."

"Nitakuwa na tisini na moja." Bibi aliitafakari tarehe hiyo kama mtu anayeangalia kama ana nafasi. "Na mabomba watakuwa nayo?"

"Sijui, bibi."

Juu mtaani, nyumba ya geti jeusi iliwasha yenyewe taa za nje mchana kweupe. Bomba lake lilikuwa limeachwa wazi, na mfereji mwembamba wa maji ulikuwa ukiteremka barabarani, ukipita mlango mmoja baada ya mwingine. Ulikauka nyumba mbili kabla ya kufika kwa Bibi.

Bibi alijiinua kwa kushika fremu. Alipokea dumu moja, akamimina kikombe kimoja cha plastiki, akapima kwa jicho, akarudisha kidogo ndani ya dumu.

"Ingia ule, chakula kinapoa. Nyoosha mikono juu ya beseni nikunawishe," alisema. "Usikung'ute. Yanayobaki nitaoshea sufuria."